Adrian Atiman

Adrian Atiman (mnamo 1866 – 1956) alikuwa daktari na katekista wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi kwa miaka 67 huko Karema, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Katavi wa leo nchini Tanzania. Alizaliwa kando ya mto Niger katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika (wanaojulikana pia kama Mapadre Weupe), kisha akasomea tiba katika kisiwa cha Malta.

Ni mmojawapo wa watoto wengi wa karne ya 19 waliolelewa katika vituo vya misheni baada ya kununuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Majina ya wengi wao hayajulikani tena. Jina la Atiman limebaki kwa sababu aliishi muda mrefu, alikaa mahali pamoja, na aliandika mwenyewe habari za maisha yake.

Utoto na kutekwa

Atiman alikuwa wa kabila la Wasonghai, mzaliwa wa Tundurma, kijiji cha kando ya mto Niger katika eneo la Timbuktu. Mwaka wa kuzaliwa hutajwa kuwa 1866, lakini hiyo ni kadirio tu. Mtoto aliyetekwa hakuwa na mtu wa kumkumbusha umri wake, na waliompokea baadaye walikadiria kwa kumtazama.

Alikamatwa na Watuareg, watu wa jangwani waliotawala njia za misafara kati ya mto Niger na Afrika Kaskazini. Wasomaji wa Afrika Mashariki wamezoea habari za misafara iliyoshuka Bagamoyo na Kilwa kuelekea soko la Unguja. Njia ya Sahara ilikuwa ya zamani zaidi. Ilipeleka watu kaskazini kupitia visima na nyasisi, na wengi wa waliopelekwa walikuwa wanawake na watoto. Mtoto aliyevushwa jangwa hakuweza kutoroka na kurudi kwao hata kama angepata nafasi, kwa kuwa bila ngamia na maji njia ile ilikuwa kifo.

Atiman alifikishwa hivyo kusini mwa Algeria. Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku utumwa katika makoloni yake tangu 1848, lakini katika nyasisi za kusini, mbali na askari na mahakimu, biashara iliendelea karibu kama kawaida. Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka kama 10, alikombolewa na padri mmisionari, maana yake alinunuliwa kwa fedha na kuachwa huru. Hakuwaona tena wazazi wake.

Watoto wa Lavigerie

Shirika lililomchukua lilikuwa bado changa, na asili yake yenyewe ilihusu watoto. Charles Lavigerie alifika Algiers kama askofu mkuu mwaka 1867, wakati nzige, ukame na kipindupindu vilipoiangamiza nchi. Njaa ya 1867–1868 iliacha watoto wengi bila wazazi, naye Lavigerie alikusanya zaidi ya 1,700 kati yao katika nyumba za Kanisa. Wengi walifika wamedhoofika mno wakafa muda mfupi baadaye. Ili kuwapata walezi wa waliobaki, alianzisha mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika na mwaka uliofuata shirika la masista.

Kazi hiyo ilileta ugomvi tangu mwanzo. Gavana wa Algeria, Marshal MacMahon, alimlaumu Lavigerie kwa kuwalea katika Ukristo watoto wa Waislamu, akihofia ghasia. Lavigerie alijibu kwamba waliookolewa na njaa hawawezi kutupwa tena. Vijana walipokua aliwaozesha wao kwa wao, akawapa mashamba katika vijiji viwili vya bonde la mto Chelif. Swali la nani ana haki juu ya mtoto aliyeokolewa, ndugu zake au mwokozi wake, liliachwa pale, nalo lilirudi kila mahali ambapo shirika hilo lilifungua kituo.

Fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya. Chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na askofu Charles de Forbin-Janson, kilikusanya senti za watoto wa Ulaya kila mwezi ili kuwakomboa na kuwalea watoto wa nchi za mbali. Mwaka 1890 Papa Leo XIII aliagiza pia mchango wa kila mwaka, siku ya Epifania, kwa ajili ya vita dhidi ya utumwa barani Afrika. Mtoto kama Atiman, kwa hiyo, alilishwa na kusomeshwa kwa sadaka za watu ambao hangewaona kamwe, kama ilivyo hadi leo kwa watoto wengi wanaofadhiliwa kutoka ng'ambo.

Masomo Malta

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua Malta chuo kwa ajili ya vijana Waafrika waliokombolewa, na Atiman alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Kisiwa kilifaa kwa sababu kadhaa: kiko kati ya Ulaya na Afrika, watu wake ni Wakatoliki, lugha yake ni jamaa ya Kiarabu ambacho vijana wale walikwisha kukisikia, na kilikuwa na chuo kikuu chenye masomo ya tiba.

Mawazo ya Lavigerie juu ya vijana hao yalikuwa tofauti na ya wamisionari wengi wa wakati wake. Aliamini kwamba Waafrika watabadilishwa na Waafrika wenyewe. Hakutaka wawe mapadri, bali watu wenye ndoa wanaoishi kati ya majirani. Alisisitiza wabaki Waafrika kwa mavazi, chakula na nyumba, ili wasijitenge na watu watakaowahudumia. Tiba ilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa mganga hukaribishwa mahali ambapo mhubiri hufukuzwa, na pia anaweza kujitegemea kwa kazi yake.

Mpango ulikuwa na kasoro yake. Vijana waliotakiwa kubaki Waafrika walikaa miaka saba ya ujana wao katika mji wa Ulaya, wakifundishwa kwa lugha za Ulaya, mbali na kabila lolote la bara lao. Isitoshe, nchi walizoandaliwa kwenda hazikuwa zao. Msonghai wa mto Niger alipelekwa Tanganyika kwa sababu tu alikuwa Mwafrika, kana kwamba bara zima ni kijiji kimoja. Umbali kati ya Timbuktu na Karema ni mkubwa kuliko ule wa kutoka Malta hadi London.

Safari ya kwenda Karema

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa kampeni kubwa ya Lavigerie, wakati huo kardinali. Mwezi Julai alihutubia Paris na London juu ya utumwa wa Afrika ya kati, na magazeti ya Ulaya yalijaa habari hizo. Mwaka huohuo Atiman aliondoka kwenda Unguja, kisha bara. Ulikuwa wakati mbaya wa kusafiri, kwa kuwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimeanza pwani. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka kama 23.

Karema ilikuwa kwanza kituo cha Wabelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier kwa niaba ya chama cha mfalme Leopold II. Leopold alipojipatia Kongo hakuihitaji tena pwani ya mashariki, akawaachia wamisionari kituo hicho mwaka 1885. Walirithi ngome iliyojengwa karibu na maji, lakini ziwa lilikuwa likipungua tangu mto Lukuga ulipofunguka upande wa magharibi, na ufuo ulizidi kwenda mbali na boma.

Ziwa lenyewe lilikuwa njia kuu ya watumwa. Misafara ya kutoka Manyema ilivuka kwa mitumbwi hadi Ujiji, halafu ikaendelea Tabora na pwani. Sultani Barghash alikuwa amefunga soko la Unguja mwaka 1873, lakini bara biashara haikukoma. Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, alitawala biashara ya Ujiji na kusumbua vituo vya misheni. Ng'ambo ya ziwa, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, aliwalinda wakimbizi kwa bunduki. Atiman alifika mahali ambapo watoto walikuwa wakiuzwa bado, kama alivyouzwa yeye.

Watoto wa vituo vya misheni

Tangu walipofika Ujiji mwaka 1879, Mapadre Weupe walikuwa wakikomboa watoto. Malipo yalikuwa nguo za merikani, shanga na bidhaa nyingine. Misafara iliwauza kwa bei ndogo watoto wagonjwa au waliochoka, ambao vinginevyo wangeachwa njiani. Makao ya yatima yalifunguliwa Kibanga upande wa magharibi wa ziwa, Karema, na Kipalapala karibu na Tabora. Upande wa Ziwa Nyanza, wamisionari walioondoka Buganda mwaka 1882 walikwenda na watoto wao hadi Bukumbi, karibu na Mwanza, katika nchi ya Wasukuma, ambao ndio wenyeji pia wa Bariadi katika mkoa wa Simiyu wa leo.

Wamisionari wenyewe walibishana juu ya jambo hili. Aliyemnunua mtoto alimwokoa, lakini alimpa pia mfanyabiashara sababu ya kuleta mwingine. Tena, mtoto aliyekombolewa alikuwa huru kwa jina, ila hakuchagua dini, shule, kazi, wala mara nyingi mwenzi wa ndoa. Kwa majirani, padri aliyelipa nguo akapata watoto hakuonekana tofauti sana na mtemi mwenye watumwa. Huko Rumonge, katika Burundi ya leo, ugomvi juu ya mtoto mmoja aliyechukuliwa kutoka makao ya misheni ulisababisha mwezi wa Mei 1881 kuuawa kwa wamisionari watatu waliokwenda kumdai.

Kisheria pia mambo yalikwenda polepole. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika na Waingereza mwaka 1922, yaani Atiman alikuwa amekwisha kutibu watu kwa miaka 33.

Watoto waliofika katika makao hayo walikuwa na vidonda, kuhara na utapiamlo, na ndui ilikuwa haijadhibitiwa. Vifo vilikuwa vingi. Makao yaliyokuwa na mapadri na katekisimu lakini hayana mganga yaliweza kuwabatiza watoto, si kuwaponya. Hapo ndipo ujuzi wa Malta ulipohitajika kuliko mahali pengine. Kati ya watu wazima wa Karema, Atiman alikuwa mmoja wa wachache waliojua kwa mwili wao jinsi mtoto anavyojisikia anapouzwa kwa wageni.

Daktari wa Karema

Masomo ya Malta hayakuwa sawa na shahada kamili ya udaktari wa Ulaya, na dawa zilizoletwa kwa mabega ya wapagazi kutoka pwani zilikuwa chache na ziliisha upesi. Atiman alijifunza dawa za mitishamba za wenyeji, akazijaribu, akazitumia pamoja na zile za Ulaya. Ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu wamisionari wengi wa wakati ule waliwaona waganga wa jadi kama washirikina tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kando ya ziwa na kuua watu wengi, na ugonjwa huo ukawa sehemu ya kazi yake.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hapakuwa na daktari mwingine karibu. Karema iko mbali na reli; hata reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bado ilibaki safari ya siku kadhaa ziwani. Serikali zilibadilika juu yake: alifika chini ya Wajerumani walioanza tu kutawala, akawaona Wabelgiji wakishika ziwa katika Vita Kuu ya Kwanza, halafu Waingereza. Maaskofu nao walipishana, wakiwemo Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika kutoka Karema kuanzia 1891 hadi kifo chake mwaka 1917. Mganga alibaki yuleyule.

Pamoja na tiba alifundisha dini. Jina la daktari-katekista linaeleza kazi mbili ambazo kwake hazikutenganishwa: aliyefika kwa ajili ya kidonda alisikia pia mafundisho, na mwanafunzi wa katekisimu alipougua alijua pa kwenda.

Ndoa na familia

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, wenyeji wa eneo la Karema. Kwa mtu aliyenyang'anywa ukoo wake akiwa mtoto, ndoa hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Vijana wengi wa makao ya yatima waliozeshwa wasichana wa makao, wote wawili wakiwa hawana wazee, mashamba ya urithi wala watani. Atiman alipata wakwe. Kuanzia hapo hakuwa mtu wa misheni pekee. Alikuwa shemeji na mjomba wa watu, na mgeni aliyetoka Niger akawa na mahali katika jamii ya ziwa.

Mwana wao Yosefu alipata upadrisho, katika kizazi cha mapadri Waafrika wa kwanza wa eneo hilo.

Mwisho wa mpango wa Malta

Lavigerie alifariki mwaka 1892, na chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896. Kilikuwa kimedumu miaka 15. Gharama ya kumsomesha kila kijana ilikuwa kubwa, na si wote waliofaa kwa udaktari. Wale waliotumwa bara walijikuta katikati: wamisionari hawakuwahesabu kuwa wenzao, na wenyeji hawakuwaona kuwa ndugu. Elimu yao iliwafanya watarajie heshima ambayo utaratibu wa misheni haukuwa na nafasi ya kuwapa. Baada ya hapo shirika liliwekeza zaidi katika seminari na shule za hapa hapa, ambazo wanafunzi wake walitoka katika familia za majirani.

Atiman ndiye hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba wazo la Lavigerie lilikuwa zuri. Ushahidi huo una upande wa pili. Yaliyomwezesha kudumu Karema, yaani ndoa na binti wa wenyeji, mitishamba ya wenyeji na uvumilivu wa kukaa mahali pamoja, hakuyapata Malta.

Miaka ya mwisho na kumbukumbu

Atiman aliendelea kutibu hadi uzeeni. Habari za maisha yake alizoziandika zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maandishi ya aina hiyo ni haba: habari nyingi za watoto waliokombolewa zilitungwa na wamisionari kwa ajili ya wafadhili wa Ulaya, na ndani yake mtoto huonekana kwa macho ya mlezi wake. Wanahistoria hutumia simulizi la Atiman, ingawa nalo ni la mzee aliyekumbuka mambo ya miaka 70 nyuma na aliyekuwa mtu wa Kanisa kwa moyo wote.

Alifariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1964 padri Roger Fouquer, wa shirika lilelile, alitoa kwa Kifaransa kitabu juu ya maisha yake, akimlinganisha na mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyeanzisha malezi ya watoto waliotupwa huko Paris katika karne ya 17. Mwingine anayefanana naye kwa mwanzo wa maisha ni Josefina Bakhita wa Sudan, aliyetekwa pia utotoni na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Tofauti ni kwamba Bakhita alimalizia maisha yake Italia, naye Atiman alirudishwa Afrika.

Hospitali ya jimbo Katoliki huko Sumbawanga inaitwa kwa jina la Dkt. Atiman, na nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam huitwa Atiman House. Karema yenyewe leo ni kata ya wilaya ya Tanganyika, yenye bandari mpya kwenye ziwa.